Kazi ya Samaki na Mikono ya Akina Mama



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, wengine wameandika habari za hisa, mikopo na sanduku letu lenye kufuli tatu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia. Tulipouliza historia ya nini, Mama Mwenyekiti alijibu kwa ufupi: "Historia ya kinachotulisha." Basi kinachotulisha ni samaki. Karibu kila mwanachama hukausha dagaa, au hukaanga mapanki, au hubanika, au huuza sokoni kwa beseni. Hata aliye mwalimu kati yetu alisomeshwa kwa dagaa wa mama yake.

Tena tunaandika wakati tuna jambo mezani. Kama mjuavyo, mnunuzi mmoja wa dagaa ametuletea maneno. Atatoa fedha mwanzoni mwa msimu, atatoa na nyavu za kutandika kwenye chanja, na sisi tumuuzie yeye peke yake mwaka mzima, kwa bei itakayoandikwa leo. Mkutano mkuu ndio utakaoamua. Hatukukusudia kuligeuza andiko hili kuwa kampeni. Lakini kila tulipochimba historia ya kazi hii, hapa kwetu na ng'ambo, tulikuta jambo hilohilo limekaa katikati: fedha ya kutangulia, nani kaitoa na nani kaipokea. Kwa hiyo tutalieleza kama tulivyolikuta.

KABLA YA SANGARA

Wazee wetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walikula ngege, ningu, kamongo, kambare, gogogo na furu. Wanaume walivua kwa mitego ya matete na kwa ndoana. Wanawake, sehemu nyingi za ziwa hili, walivua kwa vikapu kwenye maji mafupi na kwenye midomo ya mito. Mtumbwi haukuwa wao. Mwiko ulisema mwanamke akipanda mtumbwi samaki watakimbia. Ajabu ni kwamba samaki haohao hawakuwahi kukimbia mkono wa mwanamke wakishafika nchi kavu, maana kupara, kutumbua, kuanika na kubeba kichwani ilikuwa kazi yake. Mama alikwenda bara na samaki wakavu, akarudi na mtama, uwele au mihogo. Hapakuwa na kiwanda wala mzani, lakini hiyo ilikuwa biashara kamili, na bei aliipanga yule aliyebeba mzigo.

Gari moshi lilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kitani kutoka Ulaya zikaanza kutumika katika ghuba ya upande ule, na samaki wakapata njia ya kufika Nairobi. Reli ya kwetu ilifika Mwanza mwaka 1928. Wakati huohuo, mwaka 1927 na 1928, mtaalamu Michael Graham alitumwa kulikagua ziwa, akakuta ngege wanaopatikana kwa kila wavu wamepungua sana kuliko zamani. Yaani miaka ishirini na kitu ya nyavu mpya ilitosha kuonyesha dalili. Baada ya vita kuu ya pili zikaja nyavu za nailoni, na mashua za injini, na malori. Tuseme ukweli, vitu hivi vilikuwa na faida kwa wengi. Ila vilitaka mtaji, na mtaji ulikwenda kwa wanaume. Samaki mkubwa wa kupeleka mjini akawa wa mwenye baiskeli au lori, na mama akabaki na samaki mdogo wa kuuza jirani.

Samaki mdogo huyo alikuwa furu. Vijana wa leo hawamjui furu kama sisi tulivyomjua kwa bibi zetu. Aligawanyika aina mamia, mwingine mwekundu, mwingine wa kijivu, alianikwa juani na kuchomekwa kwenye vijiti. Alikuwa kitoweo cha maskini na kipato cha mwanamke asiye na mtumbwi. Katikati ya miaka ya 1970 kilijengwa Mwanza kiwanda cha kumsaga furu awe unga wa chakula cha mifugo, na meli za kukokota nyavu zikaingia kazini. Hakikudumu na kazi hiyo, maana mgeni alikuwa njiani.

MGENI ANAINGIA

Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Albert, upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa rasmi. Kwa muda mrefu hakuonekana sana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 alilipuka. Wavuvi wa Kenya walimwona kwanza kwa wingi, nasi tukafuatia. Furu wakaliwa wakaisha karibu wote, na aina nyingi hazijaonekana tena mpaka leo.

Wasomi wameandika mengi juu ya viumbe vilivyopotea, na wana haki. Ila hebu tuseme pia lililompata mwanamke wa mwaloni. Asubuhi moja alikuta samaki wake wa jua hayupo, na mahali pake kuna samaki anayeweza kumzidi mwenyewe uzito. Kisu chake kilikuwa kidogo. Sufuria lake lilikuwa dogo. Tena sangara ana mafuta, ukimwanika kama furu anaoza kabla hajakauka. Mwanzoni watu walimkataa, wengine wakisema ananuka, wengine wakisema ni mla-samaki asiyefaa kuliwa. Bei yake ilikuwa ya kutupa.

Akina mama ndio waliomfundisha huyu sangara adabu. Walijifunza kumkata vipande, kumtia chumvi, kumbanika kwa moto wa taratibu, na kumkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Hayo hayakufundishwa na bwana samaki yeyote, yalitoka mama kwa mama. Gharama yake ilikuwa kuni. Kumbanika samaki mwenye mafuta kunakula miti, na visiwa vingine vilipata upara. Wenzetu wa Ghana walikwisha kulishughulikia tatizo hilo kwa jiko la Chorkor, lililopata jina kutoka kijiji cha wavuvi karibu na Accra, ambako lilibuniwa yapata mwaka 1970. Trei zake hupangwa ghorofa moja juu ya nyingine, moshi mmoja ukabanika wote. Wachache kwetu walilijenga. Linafaa, tunalisema kwa sababu majiko mawili ya namna hiyo ndiyo mkopo wa kwanza mkubwa ambao kikundi hiki kilitoa.

Basi miaka ya mwisho ya 1980 ilikuwa neema kwa upande wetu wa ziwa. Mama mwenye mtaji mdogo alinunua sangara, akambanika, akapanda lori au meli. Wengine walipeleka hadi Shinyanga na Tabora. Nyumba kadhaa za bati katika kijiji chetu ni za miaka hiyo, na hati zake ziko kwa majina ya wanawake. Tungeomba wajukuu walikumbuke hili wanapoambiwa kwamba biashara ya sangara ilianza na viwanda.

Viwanda vilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uganda mwishoni mwa miaka hiyo, na Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi yake ilikuwa kutoa minofu na kuipeleka Ulaya na kwingineko. Malori ya barafu yakaanza kufika mialoni. Pamoja na lori alikuja wakala, na wakala hakuja mikono mitupu. Alikuja na nyavu, na injini, na fedha. Mvuvi alipokea, na sharti lilikuwa moja: samaki wote kwa wakala huyo. Mvuvi asingeweza tena kumwuzia mama yake mzazi samaki mmoja bila kuiba.

Hapo ndipo mwanamke wa kubanika alipoachwa. Hakushindwa kwa ubora wala kwa uvivu, maana hata angekuja na fedha taslimu asubuhi, samaki alikwisha kuuzwa tangu miezi iliyopita, kabla hajavuliwa.

MAPANKI

Wengine walipata kazi viwandani, na tusikane, mshahara ule ulisomesha watoto. Wengi waliingia kama vibarua wa siku. Unafika getini alfajiri, samaki wakiwepo unaitwa, wasipokuwepo unarudi. Ndani ni baridi, maji miguuni kutwa, kisu au sanduku mkononi. Mwanachama wetu mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka sita anasema alichojifunza ni kusimama.

Walio wengi hawakupata hata geti. Wao walisubiri kilichotoka upande wa pili. Kiwanda kikishatoa minofu hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mwanza yakaitwa mapanki, kwa sababu wanasema kile kichwa chenye miba iliyosimama kilifanana na nywele za vijana wa mtindo wa panki wa miaka ile. Kisumu wao waliita mgongo wazi, na mtaa wa Obunga ukapata sifa kwa wakaangaji wake. Majina haya ni ya mzaha, lakini chakula chenyewe si mzaha. Nyama iliyobaki kwenye mifupa ni tamu, na kichwa kina mafuta. Familia nyingi za mjini ambazo haziwezi kununua mnofu zimekula samaki kwa sababu mwanamke fulani alisimama kwenye moshi akikaanga mapanki.

Mwanzoni mapanki yalikuwa takataka, kiwanda kilishukuru yakiondolewa. Yalipoanza kuonekana yana fedha, yakapata mwenyewe. Kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, kilichokuwa kikiwauzia wanawake wa kwetu moja kwa moja getini, kilimpa mzabuni mmoja mapanki yote. Mzabuni alilipa kwa mwezi, kwa kutanguliza. Kuanzia wiki ile tuliyanunua kwake yeye, na bei ya karai ilipanda kabla ya jua la Jumatatu kuzama. Waliolalamika waliambiwa wachange wao fedha ya mwezi wapewe zabuni. Jibu lile liliuma. Baadhi ya waliolisikia siku ile ndio walioitisha kikao cha kwanza cha kikundi hiki, chini ya mwembe, kila mmoja na mia tano zake.

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, na mapanki yakaonekana dunia nzima. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Zikafuata hoja nyingi, eti haya ni chakula cha watu au siyo. Katika maneno yote yale hatukusikia mtu akijadili bei ya karai.

BARUA KUTOKA ULAYA

Kama kuna kitu kilichotufundisha kwamba maisha ya mwaloni yameshikwa na uzi mrefu, ni mafungio ya miaka ya 1990. Tangu mwishoni mwa 1996, Hispania na Italia zilizuia sangara wa ziwa letu kwa sababu ya vijidudu vya salmonela. Kipindupindu kilipoingia Afrika Mashariki, Jumuiya ya Ulaya ikazuia samaki wabichi wa nchi zetu kuanzia mwisho wa 1997 mpaka katikati ya 1998. Mwaka 1999 tukafungiwa tena, safari hii kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Kenya ndiyo iliyosubiri zaidi, hadi karibu na mwisho wa 2000.

Viwanda viliachisha watu. Vibarua hawakuachishwa, kwa sababu hawakuwa wameajiriwa, waliambiwa tu kesho msije. Sangara akashuka bei mialoni, na kwa miezi kadhaa mama wa kubanika aliweza tena kumnunua. Ukiuliza wazee wa mwaloni mwaka wa 1998 ulikuwaje, mwenye mashua atakuambia ulikuwa mwaka wa njaa, na mwanamke aliye jirani yake atakuambia ulikuwa mwaka wa nafuu. Wote wawili wanasema kweli.

Tangu wakati huo viwanda vilijirekebisha, maabara zikajengwa, mialo ikawekewa sakafu na maji. Lakini sangara mwenyewe amepungua, viwanda kadhaa vimefungwa na vingine hufanya kazi chini ya uwezo wake. Mwaka 2020, ndege zilipositishwa kwa sababu ya korona, uzi ule mrefu ulikatika tena kwa muda. Siku hizi bondo la sangara, ambalo zamani lilitupwa, linatafutwa na wanunuzi wa kupeleka China kwa bei inayozidi mbali ile ya mnofu. Hilo nalo halipiti mikononi mwetu.

WANAWAKE WA HERINGI

Tulipokuwa tukiandaa andiko hili, binti wa mwanachama wetu anayesoma chuo alituletea habari za wanawake wa Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Tulizisoma kwa sauti jioni tatu, na tunaomba mtuvumilie, maana tutakaa hapa kidogo.

Heringi ni samaki mdogo mwenye mafuta, wa ukoo mmoja na dagaa-papa wa pwani. Akivuliwa lazima atumbuliwe na kutiwa chumvi ndani ya siku hiyohiyo au anaharibika. Kuanzia karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, maelfu ya wasichana na wanawake wa vijiji na visiwa vya Uskoti walifanya kazi hiyo. Samaki walihama na majira, mitumbwi ikawafuata, na wanawake wakaifuata mitumbwi. Kiangazi walikuwa Shetland, kaskazini kabisa. Vuli walikuwa wameshashuka hadi Great Yarmouth na Lowestoft, kusini, wakisafirishwa kwa treni za kukodi. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la mbao, lenye nguo, chakula na sufi ya kufuma. Mwanachama mmoja aliposikia habari ya sanduku alicheka akasema, "Kumbe na wao!"

Walifanya kazi watatu watatu. Wawili walitumbua kwa kisu kifupi, samaki mmoja kwa kama sekunde moja wakishazoea, wakiwagawa kwa ukubwa bila kupima, kwa jicho tu. Wa tatu alipanga ndani ya pipa, safu ya samaki, safu ya chumvi. Mara nyingi alichaguliwa aliye mrefu, kwa sababu alipaswa kuinama mpaka chini ya pipa. Vidole walivifunga vitambaa, lakini kisu kilipita na chumvi ikaingia kwenye kidonda. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa kwetu.

Sasa sikilizeni habari ya malipo yao. Kabla ya msimu, mwenye mapipa alipita vijijini akiwapa fedha kidogo ya kuwafunga. Kwa Kiswahili tungeiita kishika uchumba. Aliyeipokea alikuwa wake msimu mzima, na bei ya kila pipa ilikwisha kukubaliwa. Wakiwa kazini walipewa posho ndogo ya wiki. Hesabu kamili ya mapipa ilifanywa mwisho, ikagawanywa kwa watatu. Wengi waliipenda kazi ile, kwa sababu ilimpa msichana fedha yake na safari na marafiki, tena mbali na baba. Hatuwezi kuwasimanga kwa kupokea kishika uchumba. Majira ya baridi yalikuwa marefu na nyumbani hapakuwa na senti.

Lakini walijua pia nguvu yao ilipo. Heringi hangoji. Vuli ya mwaka 1936, huko Great Yarmouth, waligoma wakidai nyongeza kwa kila pipa, samaki wakiwa wamejaa gatini. Hawakuwa na ofisi, walikuwa na saa ishirini na nne tu ambazo samaki huvumilia, na wakazitumia.

Kilichowamaliza kilitoka mbali zaidi ya mwenye mapipa. Heringi wa chumvi walikuwa wakiliwa Ujerumani na Urusi. Mwaka 1913 ulikuwa kilele cha biashara hiyo. Mwaka uliofuata vita vikaanza, kisha mapinduzi ya Urusi ya 1917, na masoko yale hayakurudi tena kama yalivyokuwa. Kijiji kilichokuwa kikila kwa mdomo mmoja kilikuta mdomo umefungwa. Msomaji atakumbuka tulivyosema juu ya barua kutoka Ulaya.

Mtindo huo haukuishia Uskoti. Huko India, wanawake wa Kerala wamechukuliwa na mawakala, kwa fedha ya kutangulia, kwenda kumenya kamba katika viwanda vya majimbo ya mbali. Mahali, samaki na lugha vyote ni tofauti, karatasi ni ileile.

DAGAA, NA MBALAMWEZI

Tukirudi kwetu, samaki wa wanawake leo ni dagaa. Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Furu walipopotea yeye alibaki, akaongezeka, na sasa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Ndiyo maana marejesho ya mikopo yetu hayafuati mwezi wa kalenda, yanafuata mwezi wa angani, jambo ambalo benki moja tuliyoiendea haikulielewa hata baada ya kuelezwa mara mbili.

Alfajiri mama hununua dagaa wabichi kwa ndoo, aghalabu kwa mali kauli, atalipa akishauza. Akiwaanika mchangani watakauka, lakini watakuwa na mchanga, na wengi wa namna hiyo huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Akiwaanika kwenye chanja hewa hupita chini na juu, na dagaa hubaki weupe wenye kung'aa. Hao ndio wanaotafutwa na wanunuzi wa Kongo, Zambia na kwingineko wanaokusanyika soko la Mwaloni, Kirumba. Masika ndiyo adui. Mvua ya mchana mmoja inaweza kuharibu mtaji wa mwezi, na mali kauli ya mvuvi iko palepale.

Ugumu wa kupata samaki wabichi umewaingiza wanawake kwenye mengine pia. Wenzetu wa Kenya wana neno jaboya, ambalo kila mwaloni unalijua hata kama hausemi. Ni mvuvi anayempa mwanamke samaki kwa sharti la mwili. Kwetu hatuna neno moja la kuliita, lakini jambo tunalo, na ukimwi ulipita humo. Katika mwalo wa Nduru, karibu na Kisumu, kuanzia mwaka 2011 kikundi cha wanawake kilipata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wavuvi, na masharti yale yakakosa pa kusimama kwao. Mitumbwi ilichakaa, na mwaka 2020 mafuriko ya ziwa yakawahamisha kijijini. Tunawataja kwa heshima. Walithibitisha kwamba aliyeshika mtumbwi ndiye anayeweka sharti, na kwamba mtumbwi unahitaji fedha ya kuutengeneza kila mwaka, si siku ya kuzinduliwa tu.

Kwa upande wa serikali na mashirika, hali inasogea polepole. Ripoti ya FAO ya mwaka 2024 inasema, pale palipo na takwimu zinazotenganisha wanawake na wanaume, wanawake ni asilimia 24 ya wavuvi na wafugaji wa samaki, lakini ni asilimia 62 ya wanaofanya kazi ya kusindika. Yaani duniani kote samaki akifika nchi kavu anaingia mikononi mwa mwanamke. Hata hivyo mkataba wa ILO wa kazi ya uvuvi, namba 188 wa mwaka 2007, unawahusu walio chomboni. Mwenye chanja hayumo. Mwongozo wa FAO wa wavuvi wadogo, uliopitishwa 2014, angalau unatutaja, na mwaka 2019 wanawake wa kazi ya samaki Tanzania walipata chama chao, TAWFA. Wanachama wetu wawili wamekwisha kuhudhuria mafunzo, na yaliwasaidia hasa katika kufunga na kuandika uzito.

JAMBO LILILO MEZANI

Njia yetu ya sanduku na funguo tatu nayo ina historia. Mtindo huo wa vikundi ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Uzuri wake ni kwamba fedha ya kutangulia inatoka kwa mwenzako, na riba inarudi kwako mwisho wa mwaka. Kwa miaka kumi mwanachama akipungukiwa mwanzo wa giza amekuja hapa. Hakwenda kwa mwenye mtumbwi, wala kwa dalali.

Sasa kwa nini basi wengi wanavutiwa na mnunuzi huyu? Tusiwaseme vibaya. Masika mawili yaliyopita yalituumiza, chanja zimeoza, na sanduku halitoshi kuzijenga zote kwa mara moja. Fedha yake ni halisi na iko tayari. Hata sisi tulioandika hatuna neno moja. Mmoja wetu angesaini kesho. Wawili wanaona bei ya mwaka mzima iliyoandikwa leo ndiyo kamba yenyewe, kwa sababu dagaa wa kiangazi na dagaa wa masika hawajawahi kuwa na bei moja tangu ziwa liwe ziwa.

Tulipokaa pamoja tulikubaliana mambo ya kumwuliza kabla ya kura. Je, yuko tayari bei iwe ya soko la siku ile, na fedha yake ihesabiwe kama mkopo wa kawaida wenye tarehe? Je, atapokea nusu ya mzigo, na nusu tubaki nayo tuuze tunakotaka? Je, mzani utakuwa wa nani? Na mvua ikinyesha juu ya dagaa waliokwisha kulipiwa, hasara ni ya nani? Akijibu vizuri, hata wale wawili wamesema watanyoosha mkono. Akikataa yote manne, tumependekeza tujenge chanja kumi tu mwaka huu kwa fedha ya sanduku, kwa zamu, tukianza na wajane na wenye chanja zilizoanguka kabisa.

Mkutano umepangwa siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, ili asiwepo wa kusema alikuwa mwaloni. Hoja hii ni ya nne kwenye ajenda. Mnunuzi amealikwa na ameahidi kufika saa nne. Mama Katibu anaomba kila mwanachama aje na daftari lake la mauzo ya mwaka jana, na asiyejua kuandika aje na mtoto wake aliyemwandikia.